Rivolva ya Kuka na Jina la Hobley

Leo tuzungumzie chuma.

Hapa kwetu Webuye, bastola ya zamani ikitajwa, haipiti dakika kabla jina la Hobley halijatajwa. Ikifukuliwa na jembe la ng'ombe chini ya milima ya Chetambe, ni ya Hobley. Ikitoka kwenye sanduku la mzee aliyewapikia walowezi kule Trans Nzoia, ni ya Hobley vilevile. Bwana yule, Charles William Hobley, angekuwa kweli na bastola zote tulizompa, angehitaji punda wa kumbebea. Na jina likishatajwa, swali linalofuata mnalijua: "Sasa hii inaweza kwenda pesa ngapi?"

Swali si baya. Baya ni kulitanguliza. Rivolva ya zamani, hata iwe imechorwa maua kutoka mdomoni hadi kwenye kitako, haina bei mpaka ijulikane ni kitu gani, kisha ijulikane imepita mikononi mwa nani. Na hilo la pili ndilo tunalolipoteza hapa kwetu, tena kwa mikono yetu wenyewe.

Tuanze na Hobley, tummalize. Alifika kwa Mumia, mfalme wa Wawanga, mwanzoni mwa mwaka 1895, akiwa mtumishi wa serikali ya Uingereza huko Uganda, akakuta ugomvi wa bunduki umeshaiva. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa imepiga kambi kwa Mumia miaka mingi ikitafuta pembe za ndovu, na kutoka kwenye misafara hiyo bunduki zilivuja. Nyingine Wabukusu walizinunua, nyingine zilikuja na wapagazi waliotoroka mabwana zao. Magobori yalikuwemo, na Snider za Kiingereza zinazotiwa risasi kwa nyuma. Frederick Spire, aliyekuwa kwa Mumia kabla ya Hobley, alituma askari wa Kisudani wakazidai, na askari wale wakamalizwa karibu wote. Mwezi wa Agosti 1895 Hobley akarudi na jeshi: Wasudani, Waganda chini ya afisa aitwaye Grant, Wawanga, Wamaasai. Walikuja na bunduki ya rashasha ya Maxim na mzinga mdogo wa Hotchkiss. Wakaanza Lumboka, wakaja wakamalizia juu hapa Chetambe, ndani ya lile boma lenye handaki. Waliokufa, ng'ombe waliochukuliwa, wanawake na watoto waliotekwa, hayo yanasimuliwa hadi leo katika nyumba nyingi zinazonisikiliza, na sitayarudia kijuujuu.

Ninachotaka mkione ni hiki. Vita vilianza kwa sababu ya bunduki, vikaishia kwa bunduki, lakini rivolva ndani yake zilikuwa chache mno. Askari walibeba bunduki ndefu. Rivolva ilikuwa silaha ya afisa, na afisa Mwingereza wa wakati ule alijinunulia ya kwake kwa pesa zake. Maafisa wazungu waliopanda Chetambe unaweza kuwahesabu kwa vidole. Tena mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umekataza bunduki za kisasa zisiingizwe kiholela katika sehemu hii ya Afrika; zilizoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji zilikuwa zile za zamani za baruti na gumegume. Sisemi mkataba uliheshimiwa, maana ungeheshimiwa pasingekuwa na Chetambe. Nasema tu kwamba mwenye kudai rivolva yake ilianguka kiunoni mwa Hobley anadai jambo adimu, na jambo adimu linataka ushahidi mzito.

Mahali panapotoa rivolva nyingi ni kwingine. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wake wastaafu mashamba, na Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizogawiwa. Makaburu walikuwa wameshatangulia Uasin Gishu tangu mwaka 1908 na magari yao ya maksai. Watu hao walikuja na silaha kama wengine wanavyokuja na sufuria. Walipoondoka miaka ya uhuru, waliuza vitanda, wakagawa nguo, wakaacha masanduku. Mpishi akaachiwa hiki, dereva wa trekta kile. Kwa hiyo kuka wako, yaani babu yako, aliyefanya kazi Kitale akiwa amekufa na sanduku lina rivolva, mimi ningeanza kutafuta habari zake kwenye mashamba ya Kitale kabla sijapanda Chetambe.

Sasa tuishike. Nasema "tuishike" kwa maneno tu, maana ya sheria yanakuja.

Rivolva nyingi zilizoletwa na wanajeshi wale ni Webley, kazi ya Birmingham. Utaijua kwa jinsi inavyofunguka: kuna kikuku cha chuma nyuma ya silinda, ukikibonyeza kwa kidole gumba mtutu unainama mbele, silinda inajitokeza, na nyota ya chuma inasukuma maganda yote sita nje kwa mkupuo. Jeshi la Uingereza lilianza kuitumia rasmi mwaka 1887, na kila ilipobadilishwa ikapewa namba mpya ya Kirumi. Namba hiyo imepigwa ubavuni. Ukikuta VI, basi ni ya mwaka 1915 na kuendelea, yenye kitako kipana kilichokatwa mraba chini, wakati zilizotangulia kitako chake kimejikunja kwa ncha. Mara nyingi mwaka wenyewe umepigwa kwenye fremu: 1915, 1916, 1917. Msikilizaji, hapo hadithi ya Hobley na Chetambe imekufa bila hata kuuliza mtu. Chuma kilichotengenezwa mwaka 1916 hakikupigana mwaka 1895.

Tafuta mshale mdogo wenye vichwa vitatu, kama unyayo wa kuku. Huo ni muhuri wa mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwepo, silaha ilikuwa ya jeshi. Usipokuwepo, na badala yake juu ya fremu pameandikwa jina la duka, kwa mfano Army & Navy la London, hapo uko karibu zaidi na afisa aliyejinunulia mwenyewe, na maduka yale yalikuwa na vitabu vya mauzo vyenye namba na majina.

Halafu ipo mihuri ya majaribio. Uingereza hairuhusu mtutu uuzwe kabla haujapigwa risasi ya nguvu katika nyumba ya majaribio, London au Birmingham, na kugongwa alama. Birmingham walitumia fimbo mbili za kifalme zilizopishana, na taji juu, mpaka mwaka 1904 walipobadilisha. Ukikuta duara refu lenye herufi ELG, hiyo si Uingereza kabisa. Hiyo ni Liège, Ubelgiji. Na hapa ndipo wengi huumia. Mafundi wa Liège walitengeneza bastola za bei nafuu kwa maelfu, wakaiga Webley, wakaiga Smith & Wesson, wakazipa majina ya Kiingereza yenye kuvutia. Nyingi zimenakshiwa, na nakshi zile zilikuwa za kumvuta mnunuzi asiyejua asitazame chuma chenyewe. Ubelgiji ilikuwa jirani ya kila mfanyabiashara wa silaha aliyeuza Afrika, kwa hiyo usishangae ukiikuta huku.

Niingie kwenye nakshi, maana ndiyo iliyofanya watu wanipigie simu.

Nenda kwa fundi wa saa, mwombe ile lenzi yake ya kubana kwenye jicho, uwe na picha kubwa na safi ya rivolva yako kwenye simu. Picha, nimesema. Nakshi ya mkono hukatwa kwa kalamu ya chuma kali, na fundi anaisukuma kwa kiganja au anaigonga kwa nyundo ndogo. Mstari wake unaanza mwembamba, unanenepa kwenye kona ya ua, unakonda tena. Ndani ni mfereji wenye umbo la V, na mwanga ukipita juu yake unamulika ukingo mmoja tu. Nafasi kati ya majani imejazwa vitone vidogo vidogo, na vitone hivyo havilingani, kwa sababu mkono wa mtu haulingani. Nakshi ya asidi haina makali: kingo zake zimelainika, kina chake kimoja pote, chini pana vinyweleo. Ya mashine inajirudia. Ua la kushoto na ua la kulia ni pacha.

Iko aina ya nne inayodanganya hata watu wazima. Samuel Colt, Mmarekani aliyeipa dunia rivolva ya kiwandani kwa hataza yake ya mwaka 1836, aliweka picha kwenye silinda za bastola zake. Ile yake iitwayo Navy ya mwaka 1851 ina vita vya majini: merikebu za Texas na za Mexico, na maandishi madogo yanayotaja tarehe 16 Mei 1843. Ni picha nzuri, iliyobuniwa na mchongaji Waterman Ormsby. Lakini haikuchongwa kwa mkono kwenye kila bastola. Ilichongwa mara moja kwenye roli ya chuma kigumu, na roli ikabingirishwa juu ya silinda moja baada ya nyingine. Navy zilitengenezwa zaidi ya 200,000 huko Marekani, na nyingine kama 42,000 katika kiwanda alichofungua London mwaka 1853. Zote zina merikebu. Kwa hiyo mtu akiniambia rivolva yake ina nakshi ya pekee ya meli, moyo wangu haudundi. Kinachonifanya nisogeze kiti ni merikebu kuonekana wazi bado, maana mikono na mafuko ya ngozi huzifuta upesi, na silinda yenye meli kamili ni silinda iliyotumika kidogo.

Nakshi ya kweli ya Colt au Smith & Wesson ilitoka kwa watu wanaojulikana kwa majina. Gustave Young alikuwa mmoja. Louis Daniel Nimschke wa New York alikuwa mwingine, na aliacha kitabu chake cha nakala za kazi zake, karatasi alizozikandamiza juu ya chuma chenye wino. Leo mtu anaweza kuweka picha ya rivolva kando ya kitabu kile na kulinganisha jani kwa jani.

Swali la mwisho kuhusu nakshi ni hili: iliwekwa lini? Bastola ya kawaida ya mwaka 1880 inaweza kuchongwa mwaka 1980 ili iuzwe ghali. Tazama mashimo ya kutu. Kutu ya zamani ikiwa imekula ndani ya mstari, mstari ulikuwepo kwanza. Lakini ukiona mstari safi unapita juu ya shimo la kutu kama barabara mpya juu ya bonde, umedanganywa. Tazama pia rangi. Chuma kikishazeeka kina kahawia yake, na mstari uliochongwa jana unang'aa ndani ya kahawia hiyo.

Na namba. Kiwanda kilipiga namba moja kwenye mtutu, kwenye fremu, kwenye kinga ya kifyatulio, kwenye ukanda wa kitako, mara nyingine na kwenye silinda. Zikifanana, rivolva imezaliwa na viungo vyake. Zikitofautiana, kuna fundi aliyeunganisha maiti mbili akapata mgonjwa mmoja. Tofauti ya bei hapo ni kubwa kuliko tofauti inayoletwa na maua yote.

Sasa pesa. Mtu hufungua simu, akaandika maneno mawili, akaletewa dola milioni. Dola hizo zipo. Mwezi Agosti 2021, mnada wa Bonhams huko Los Angeles uliuza rivolva ya Colt kwa dola 6,030,313. Ni ile ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881. Nawaomba mniulize nakshi yake ilikuwaje. Haina nakshi! Chuma kitupu na mti, bastola ya kazi, ambayo ndugu zake dukani hazifiki hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Kilicholipiwa ni karatasi na ushahidi unaoifuata kutoka mkono hadi mkono kwa miaka 140.

Mfano unaotufaa zaidi huku mashambani ni wa Auvers, Ufaransa, kijiji ambacho mchoraji Van Gogh alijipiga risasi Julai 1890. Miaka kama 70 baadaye, mkulima akiwa shambani palepale aliokota rivolva ndogo ya Lefaucheux, milimita 7, imeliwa na kutu mpaka mbavu. Mkulima hakuitupa na hakuing'arisha. Alimpa mwenye ile hoteli ambamo mchoraji alifia, ikatunzwa, wataalamu wakaitazama, mwaka 2016 ikaonyeshwa katika Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam. Juni 2019 ikauzwa Paris kwa euro 162,500. Hakuna aliyeapa kwamba ndiyo yenyewe. Lakini mahali ilipookotwa palijulikana, mkono ulioipokea ulijulikana, na hali yake haikuguswa. Linganisha na chuma kinachotoka kwenye mashamba ya chini ya Chetambe: kinaokotwa leo, kesho kimeuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au kimepelekwa jua kali kikasuguliwa kwa msasa mpaka kikang'aa.

Nisimame hapo kwenye msasa, maana unaniudhi. Fundi wa jua kali ana nia njema. Anaona kutu, anaona aibu. Anashika gurudumu la kusugulia na baada ya nusu saa amekurudishia kitu cheupe kama kijiko cha harusi. Mihuri imefutika, kingo za fremu zimekuwa mviringo, namba hazisomeki, majani ya nakshi yamebaki vivuli. Mnunuzi wa vitu hivi akikiona anageuka. Kama ni lazima kufanya kitu, ni tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa laini, basi. Kutu iliyokwishalala ni ushahidi.

Nakshi nayo ina bei yake, sikatai, ikiwa na mwenyewe. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa na rivolva ya Smith & Wesson ya mwaka 1898 iliyonakshiwa na Nimschke huyo niliyemtaja; mwaka 2022 iliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 900,000. Na bunduki yake ya marisau ya Fox, aliyopewa zawadi akaja nayo huku kwetu kuwinda miaka ya 1909 na 1910, iliuzwa dola 862,500 mwaka 2010. Safari ile ilimfikisha mpaka Uasin Gishu na mto Nzoia, maji haya haya yanayoanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, kila mnyama na kila kambi.

Wengine waliandika pia. Speke, msafiri Mwingereza, alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1862, zawadi alizotoa alizipanga moja moja katika kitabu chake: bunduki ya Whitworth, karabini tatu, darubini, saa ya dhahabu, kiti cha chuma, na rivolva moja. Humo humo anasimulia Mutesa alivyoijaza karabini moja akampa kijana wa barazani aende akampige mtu uani, ili aone kama inafanya kazi. Ilifanya. Buganda basi wana karatasi ya rivolva bila rivolva. Sisi Webuye tuna rivolva bila karatasi, na katika biashara hii mwenye karatasi ndiye aliye karibu na pesa.

Haya, sheria. Hapa nisikilizeni kwa makini kuliko kote.

Bei mnazoona kwenye simu ni za Marekani. Kule, kwa sheria ya nchi nzima, silaha iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 ni ya kale, na huuzwa karibu kama kabati. Kenya si Marekani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka mwenye silaha awe na cheti, na usijipe moyo kwamba uzee wa chuma chako unakuokoa. Kuamua hilo si kazi yako, ni ya wanaotoa leseni. Kwa hiyo usiifunge kwa leso ukapanda nayo matatu ya Kitale "kumwonyesha mtaalamu". Katika kizuizi cha polisi hakuna atakayekuuliza kuhusu Nimschke.

Kisha ipo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hakitoki nchini bila kibali. Mwaka 1895! Kati ya miaka yote. Bunduki iliyovuja kwenye msafara wa pembe mwaka 1893 iko upande huu wa mstari; Maxim iliyopandishwa Chetambe Agosti 1895, kama iliingizwa mwaka ule ule, iko upande wa pili, kwa miezi michache. Na mwanasheria mtundu angeweza kuongeza kwamba mwaka ule Webuye haikuwa Kenya hata kidogo. Ilihesabiwa Uganda hadi Aprili 1902, mpaka ulipohamishwa. Hilo nawaachia mawakili wa Bungoma wakiwa hawana kesi.

Kama kitako cha rivolva yako ni cha pembe ya ndovu, kama zile za fahari zilivyokuwa, una tatizo la pili juu ya la kwanza. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haichezi na pembe, hata iliyokatwa kabla bibi yako hajazaliwa, ukiwa huna kibali. Nchi iliyochoma tani 105 za pembe mwezi Aprili 2016 haitakupigia makofi kwa kipande chako.

Najua kwa nini watu wenye rivolva hizi hawasemi. Kwa watu wa Mlima Elgon, na kwa Bungoma yote, neno "bunduki" halikuwa la kale mwaka 2008. Operesheni Okoa Maisha iliingia mwezi Machi kuwasaka wapiganaji wa SLDF, kundi lenye silaha la Mlima Elgon, na wanaume wengi walichukuliwa na kuulizwa kwa mateso bunduki iko wapi. Baada ya hapo, mjane mwenye rivolva ya marehemu mumewe kwenye dari atafanya nini? Ataitupa chooni usiku. Na ikishuka chooni inashuka na habari zake zote: shamba gani, mzungu gani, mwaka gani. Wengine huisalimisha bila kusema neno, na ikifika huko inakuwa silaha haramu moja kati ya nyingi. Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 kule Ngong kwa siku moja.

Ndiyo maana nasema karatasi itangulie chuma. Mahali pa kwenda pako karibu. Makumbusho ya Kitale ilianza mwaka 1926 na mlowezi mwanajeshi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya vipepeo, ndege na vitabu hadi alipokufa mwaka 1966. Milango yake kama makumbusho ya taifa ilifunguliwa mwaka 1974, ya kwanza ya mkoani mbali na pwani. Watu wa pale wanajua tofauti kati ya chuma na historia. Wapigie simu, au nenda mikono mitupu ukiwa na picha na maandishi. Kisha mwone chifu, au nenda kituo cha polisi ukatoe taarifa, tena uende na mtu mzima mwingine, na umwombe ofisa aandike kwenye kitabu cha matukio kwamba makumbusho imeshajulishwa na kwamba unaomba silaha isiharibiwe kabla haijatazamwa. Chukua namba ya taarifa hiyo. Kama imo ardhini, iache ardhini, weka kijiti, mwite mwenye kujua. Ikishang'olewa haina tena mahali.

Na kabla ya hayo yote, leo jioni, kaa na mzee aliyebaki. Mwulize kuka alifanya kazi shamba la nani, upande gani wa Kitale, alikuwa mpishi au nyapara, mzungu aliondoka mwaka gani, alimwachia nini kingine, ni nani mwingine aliyeiona. Akikosea mwaka usimsahihishe. Andika alivyosema, halafu andika kando unavyodhani wewe. Piga picha upande wa kushoto, wa kulia, juu, chini ya kitako, na kila muhuri peke yake kwenye mwanga wa dirisha. Andika namba ya kwenye fremu na namba ya kwenye silinda, na zikiwa hazilingani, andika zote mbili.